Kupima Kabla ya Kupandikiza: Mashine za Kuhifadhi Ini na Ubora wa Maini Yanayotolewa

Utangulizi

Upandikizaji wa ini unakabiliwa na kitendawili kizito: wagonjwa hufariki wakisubiri ini, ilhali baadhi ya maini yanayotolewa hukataliwa. Maini hayo aghalabu hutoka kwa watu wenye umri mkubwa, wenye unene uliopindukia, au waliofariki baada ya moyo kusimama. Mpasuaji akipandikiza ini lililoharibika, mgonjwa anaweza kufa katika muda wa siku chache. Akikataa ini ambalo lingefaa, mgonjwa huyohuyo anaweza kufa akingoja. Makala haya yanafafanua jinsi mashine za kuhifadhi ini zinavyobadili uamuzi huo, na yanaonesha kwamba thamani yake kubwa imo katika kupima.

Mipaka ya barafu

Kwa kawaida ini huoshwa kwa myeyusho maalumu, mathalani ule uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, miaka ya 1980, kisha huwekwa katika kasha lenye barafu. Baridi hupunguza kasi ya kazi za seli lakini haizisimamishi. Kwa kukosa oksijeni, seli humaliza akiba yake ya nishati na mabaki ya kikemikali hurundikana ndani yake. Damu inaporudi ghafla, mabaki hayo huzalisha chembe haribifu za oksijeni zinazojeruhi seli. Ini lenye mafuta mengi huumia zaidi. Aidha, ini lililo katika barafu halitoi nyongo wala halioneshi uwezo wake. Mpasuaji hubaki kuhukumu kwa rangi, kwa mguso na kwa historia ya mtoaji.

Njia ya joto na njia ya baridi

Njia ya kwanza hulitunza ini katika nyuzijoto 37 za Selsiasi. Mashine husukuma ndani yake chembe nyekundu za damu, oksijeni na virutubishi, nalo huendelea kufanya kazi kana kwamba bado limo mwilini. Njia hii iliendelezwa Oxford, na mwaka 2013 ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza jijini London. Jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2018, lililohusu upandikizaji 220, lilionesha kuwa jeraha la ini, likipimwa kwa vimeng'enya vinavyovuja kutoka katika seli, lilipungua kwa asilimia 50. Maini yaliyokataliwa yalipungua kwa kiwango hichohicho, ingawa muda wa kuhifadhi uliongezeka kwa asilimia 54. Hata hivyo, uhai wa wagonjwa haukutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu.

Njia ya pili hupitisha myeyusho baridi wenye oksijeni nyingi kwa takribani saa mbili kabla ya kupandikiza. Seli hurejesha nishati na kuteketeza mabaki yaliyorundikana kabla damu haijarudi. Jaribio lililoongozwa kutoka Groningen, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2021, lilihusu maini ya watoaji waliofariki kwa kusimama kwa moyo. Kusinyaa kwa mifereji ya nyongo kulikoleta dalili kulipatikana kwa asilimia 6 ya waliopokea maini yaliyopitia mashine, dhidi ya asilimia 18 ya wengine.

Ushahidi wa kupima

Jaribio la Birmingham, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2020, lilichukua maini 31 yaliyokuwa yamekataliwa na vituo vyote vya nchi hiyo. Kila ini liliwekwa katika mashine ya joto na kutazamwa kwa saa nne: je, linaondoa asidi ya laktiki, linatoa nyongo, linatumia glukosi? Maini 22 yalifaulu na kupandikizwa, na wapokeaji wote walikuwa hai baada ya siku 90. Lakini wanne kati yao walihitaji ini jingine baadaye kwa sababu ya mifereji ya nyongo kusinyaa. Kipimo kilichothibitisha uzima wa seli za ini hakikutosha kuthibitisha uzima wa mifereji hiyo.

Hitimisho

Ubora wa ini, basi, unaweza kuboreshwa na kuthibitishwa baada ya kutolewa, ingawa si kwa ukamilifu. Kwa washauri wa sera wa Afrika Mashariki, somo ni la mpangilio. Upandikizaji wa figo katika eneo hili umejengwa juu ya watoaji walio hai, wengi wao wakiwa ndugu wa mgonjwa, ilhali mashine hizi hunufaisha hasa mfumo unaopokea viungo vya marehemu. Uganda ilitunga sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023. Sheria kama hiyo, taratibu za kuthibitisha kifo, ridhaa ya familia na kumbukumbu za matokeo ya kila mgonjwa ndiyo misingi inayotangulia ununuzi wa mashine. Pasipo misingi hiyo, mashine itakosa ini la kupima.