Mahitaji ya Mafunzo kwa Watabibu wa Magonjwa ya Ini Mkoani Morogoro

Katika Mkoa wa Morogoro, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, mgonjwa wa ini hupokewa kwanza na tabibu wa zahanati, wala si daktari bingwa. Kutoka Kinole, Matombo au Mgeta, katika Milima ya Uluguru, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ni safari ya milimani, na wakati wa masika njia huwa ngumu. Hivyo basi, anachokijua tabibu huyo ndicho kinachoamua iwapo mgonjwa atagunduliwa mapema au atafika mjini tumbo limekwishajaa maji.

Yafaa ieleweke kwamba homa ya ini na homa ya manjano si ugonjwa mmoja, ingawa zote mbili huweza kugeuza rangi ya macho. Homa ya manjano huenezwa na mbu. Homa ya ini ya aina ya B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata.

Baadhi yao hujulikana kwa bahati tu, wanapojitolea damu. Mtu wa namna hiyo hurudi kijijini akiwa mzima wa mwili lakini mwenye hofu, na humwuliza tabibu swali moja: je, aanze dawa? Jibu la swali hilo limebadilika. Katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015, kipimo cha APRI, kinachokokotolewa kwa kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani za damu, kilihesabiwa kuwa dalili ya ini kusinyaa kikizidi 2 kwa mtu mzima. Machi 2024 kiwango cha kuanzia dawa kilishushwa hadi zaidi ya 0.5. Tabibu asiyepata habari hiyo atamrudisha nyumbani mtu anayestahili matibabu.

Dawa yenyewe, tenofoviri, si ngeni, kwani hutumika katika kliniki za UKIMWI. Hata hivyo, mgonjwa sharti apimwe kwanza virusi vya UKIMWI, kwa sababu dawa hiyo ikitolewa peke yake kwa mwenye virusi hivyo huzaa usugu. Aidha, kuiacha ghafla huweza kuamsha ugonjwa kwa ukali.

Jambo la pili ni sumukuvu ya mahindi na karanga. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafariki. Mwenye virusi vya B anayekula sumukuvu yumo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya ini. Kwa hiyo tabibu hana budi kuuliza habari za ghala pia. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo chini ya milima hiyo hiyo, na ingefaa wataalamu wake wa nafaka waalikwe katika mafunzo ya watabibu.

Kumwita tabibu mjini kwa wiki nzima huacha zahanati bila mtu. Yafaa mafunzo yamfuate kazini, pamoja na vipimo.