Mtoto asiyeandikwa, sheria haimuoni



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu, vumbi na maji ya kuchemsha. Leo tunasema juu ya chombo kingine cha usalama. Hakivaliwi mwilini, tena hakimlindi mtumikaji mwenyewe. Kinawalinda wale anaowaacha nyumbani siku asiporudi. Chombo hicho ni makaratasi ya jamaa.

MAMBO TUNAYOYAONA

Sisi tunaotunza wagonjwa tunajua vizuri yanayofuata kilio. Baba amefariki. Maiti haijazikwa bado, na tayari watu wanauliza ufunguo wa nyumba uko wapi. Friji inapandishwa juu ya gari, mashine ya kushona vilevile, na mukanda wa lupango haujulikani umekwenda wapi. Mwezi unaofuata mjane anafika dispensari na mtoto mwenye homa. Wanalala kwa majirani. Wanakula mara moja kwa siku. Dawa za kifua kikuu alizokuwa akimeza mama mwenyewe zimekatika.

Ugonjwa wa namna hii haukuletwa na mbu wala na vumbi la mgodi. Umeletwa na ukosefu wa karatasi. Ndiyo sababu jambo hili ni la ukurasa wa afya.

KWA NINI UGOMVI?

Si kwamba jamaa ya marehemu ni watu wabaya. Mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilipoanza kuwakalisha watumikaji kambini pamoja na bibi na watoto, makabila mengi yalikutana hapa Katanga, na watu wakaoana. Kwa Balamba na Babemba, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwa desturi ya zamani urithi ulikwenda kwa mpwa. Kwa Baluba, ukoo unafuata baba. Basi bwana Muluba akimwoa bibi Mbemba, siku ya kilio desturi mbili zinakaa kwenye mkeka mmoja, na kila moja inaona ina haki. Hapo panahitajika sheria moja kwa wote.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria hiyo iko. Ni Code de la famille, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Tuieleze kwa maneno mepesi.

Kundi la kwanza la warithi ni watoto wa marehemu: waliozaliwa katika ndoa, waliozaliwa nje ya ndoa lakini baba aliwatambua mbele ya serikali akiwa hai, na wale aliowapokea kisheria kuwa watoto wake. Wasichana na wavulana ni sawa. Kundi hili linapata robo tatu za urithi.

Kundi la pili lina mafungu matatu: bibi au bwana aliyebaki, baba na mama wa marehemu, kaka na dada zake. Wote pamoja wanapata robo iliyobaki, na kila fungu linapata sawa na jingine.

Tufanye hesabu. Baba ameacha bibi, watoto watatu, mama yake mzazi na ndugu zake. Mali waliyoipata wawili hao katika ndoa ni dola 24.000. Kama siku ya ndoa hawakuchagua utaratibu mwingine, nusu ya mali hiyo, dola 12.000, ni ya bibi mwenyewe. Hiyo si urithi, ni jasho lake. Urithi ni dola 12.000 za upande wa baba. Watoto wanapata 9.000, yaani kila mmoja 3.000. Zinabaki 3.000: bibi anapata 1.000, mama mzazi 1.000, na ndugu wote pamoja 1.000.

Tena sheria inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na bwana wake, na kutumia vyombo vilivyomo.

Mnaona, sheria haikumfukuza mzazi wala ndugu wa marehemu. Imewapimia fungu lao. Lakini haikumpa mtu yeyote ruhusa ya kubeba kitanda cha watoto yatima.

SHERIA INASOMA, HAIKISII

Basi mbona wajane wanafukuzwa kila mwaka? Kwa sababu sheria haina macho ya jirani. Jirani anajua kwamba mama fulani ameishi na bwana wake miaka ishirini. Hakimu anauliza: karatasi iko wapi? Bibi asiyeandikwa anaonekana kama mgeni. Mtoto asiyeandikwa ni kama hakuzaliwa. Kwa hiyo fanyeni mambo haya matano, wakati baba yu mzima.

1. Ndoa. Mahari mliyotoa mbele ya wazee ni jambo la heshima, lakini haitoshi. Ndoa iliyofungwa katika jamaa inapaswa kuandikishwa katika biro ya État civil, kwenye komine, ndani ya mwezi mmoja. Kama mmechelewa, hata kwa miaka kumi, nendeni mkaulize jinsi ya kuitengeneza. Msiseme imekwisha.

2. Watoto. Kila mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Karatasi ya maternite siyo acte de naissance. Inasaidia tu kuipata. Siku hizo zikipita, inahitajika hukumu ya tribinali, ndiyo safari ndefu na feza nyingi.

Baba, sikia neno moja zaidi. Kama una mtoto nje, nenda ukamtambue mbele ya serikali. Tunajua ni jambo gumu nyumbani. Lakini mtoto huyo hakuomba kuzaliwa mahali alipozaliwa. Usipomtambua ukiwa hai, siku ya kilio atasimama mlangoni na hatakuwa na jina. Na mama wa nyumbani ni afadhali asikie habari hiyo kwako kuliko kuisikia kando ya sanduku la maiti.

3. Lupango na nyumba. Angalia jina lililo juu ya mukanda. Wengi wamenunua lupango kwa mtu, na karatasi imebaki na jina la mwuzaji, au imewekwa jina la kaka "kwa muda". Muda huo unakuja kuwa wa milele. Tena ukumbuke: nyumba ya kambi ni ya kompani. Haimo katika urithi. Uliza biro ya personeli kanuni zake ni zipi, ili bibi yako asishangae.

4. Kazi. Jina la bibi na la kila mtoto liwe katika buku yako kwenye biro ya personeli. Bibi ajue namba yako ya CNSS, shirika ambalo zamani liliitwa INSS. Sheria ya CNSS nayo ni ya tarehe 15 Julai 2016. Inatoa pansio kwa mjane na kwa yatima, lakini wanapaswa kuonyesha acte ya ndoa, ya kuzaliwa na ya kufa.

Ukipata ajali kazini, hata ndogo, itangaze siku ileile na uhakikishe imeandikwa. Kama una ugonjwa wa mapafu kwa ajili ya vumbi, tunza picha za radio na karatasi zote za daktari. Siku moja karatasi hizo zinaweza kuonyesha kwamba ni kazi iliyokuua, na hiyo ni haki ya watoto wako.

5. Wasia. Kwa Kifaransa ni testament. Unaweza kuufanya mbele ya notere au mbele ya mkubwa wa État civil. Unaweza pia kuuandika mwenyewe nyumbani: wote kwa mkono wako, na tarehe, na sahihi yako. Usimpe mtoto wa shule akuandikie. Ndani yake unaweza kutaja nani asimamie ugawaji. Usipomtaja, kwa kawaida ni mkubwa wa warithi kwa umri. Lakini ukiwa na watoto, wasia hauwezi kuwanyang'anya robo tatu zao. Unaamua juu ya robo moja tu.

Upo na wasia wa mdomo, mbele ya mashahidi wawili au zaidi waliotimiza umri, kwa mtu aliye karibu kufa. Msiutegemee huo. Tumeona wagonjwa wengi wakifika hospitali bila uwezo wa kusema hata jina lao.

«KUANDIKA WASIA NI KUITA KIFO»

Neno hili tunalisikia kila mara. Tunawajibu hivi: je, kofia ya kazi inaita jiwe lianguke? Chanjo inaita surua? Mtu anayevaa kofia hatamani jiwe. Anajua tu kwamba jiwe halitoi taarifa. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa hata tiba yenyewe hakuna, maana mwenye kujua mambo yote amekwisha kuzikwa.

Wamama nao wanaogopa. Wanasema: nikiuliza makaratasi, bwana atafikiri ninangoja kufa kwake. Baba, mwondolee bibi yako mzigo huo. Anza wewe. Mwite, mwite na mtoto mkubwa, na ikiwezekana mwite kaka yako pia, ili asije kusema hakujua.

MWISHO WA MWEZI HUU

Tafuteni bahasha moja ngumu au kisanduku cha bati. Wekeni ndani acte ya ndoa, acte za watoto, mukanda wa lupango, namba ya CNSS, karatasi za daktari na wasia. Fanyeni kopi, mwiweke kwa mtu wa kuaminiwa asiyekaa nyumba moja nanyi. Halafu andikeni juu ya karatasi nyeupe majina ya karatasi zinazokosekana. Siku ya mapumziko inayokuja, nendeni kwenye komine mkaulize ile ya kwanza.