Ukivuka Daraja la Tana Unaambiwa "Umefika Kenya": Stori ya Sikukuu za Taifa Kule Garissa

Kila tarehe 17 Machi, watu wa Ireland wanavaa kijani kutoka kofia mpaka soksi. Ni siku ya Mtakatifu Patrick, mtakatifu wao wa taifa. Huko Chicago, Marekani, hata mto wanautia rangi unakuwa kijani. Maze, mto mzima! Nusu ya hao wasee hawajaona ndani ya kanisa tangu wabatizwe, lakini hiyo siku kila mtu ni Mwairish.

Karibu na sisi kuna Uganda. Tarehe 3 Juni ni Siku ya Wafiadini, sikukuu ya umma, na Namugongo inajaa watu mpaka huoni nyasi. Wengine hutembea kwa miguu kutoka huku Kenya. Wanawakumbuka Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya 1885 na 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Siku ya dini ikageuka siku ya taifa.

Sisi Wakenya hatuna kitu kama hiyo. Tuko na Katiba. Kifungu cha 9 kinataja sikukuu tatu za kitaifa: Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba. Basi watakatifu wetu ni wale mashujaa, na ibada yenyewe ni gwaride, hotuba, na ndege za jeshi zikipita juu huku watoto wakipiga mayowe.

Sasa nikuulize. Kama wewe ni kijana wa Garissa, hiyo siku unaifeel?

Kwanza, vile siku yenyewe huenda. Rais akiwa kaunti ingine, kila kaunti inafanya sherehe yake, na ya Garissa haina tofauti kubwa na ya kwenu. Kamishna wa kaunti anasoma hotuba ya Rais, ndefu, chini ya jua ambalo halina huruma. Polisi wanapiga gwaride, maskauti wanafuata, watoto wa shule wanaimba, kikundi kinacheza dhaanto na hapo ndipo simu zote zinatoka mfukoni. Wazee wa heshima wako kwa hema na maji ya chupa. Vijana wako nje ya hema, chini ya mti, wengine na miraa, wakingoja saa saba ifike kila mtu aende zake.

Linganisha na Idd. Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya Kenya nzima kwa sheria, lakini Garissa ni kitu ingine. Asubuhi swala uwanjani, watu safu kwa safu, kanzu mpya, watoto wako na pesa mfukoni na wanazunguka nyumba kwa nyumba kuongeza. Bariis, nyama ya ngamia, halwa, chai ya maziwa. Hakuna mtu anahitaji kukuambia ufurahi. Hiyo ndiyo sikukuu ya kweli huku, na ukimwambia msee wa Garissa kwamba 12 Desemba ni kubwa kuliko Idd atakucheka kwa heshima tu kwa sababu wewe ni mgeni.

(Na kama unatafuta siku ya mtu mtakatifu kabisa, teremka mpaka Lamu, kaunti jirani, wakati wa Maulidi. Ngoma, mashairi, wageni kutoka pwani yote. Garissa wengine wanaipenda, wengine watakuambia ni bidaa. Huo mjadala siuingilii, niko na mambo mengine leo.)

Sasa kuna ule msemo. Kutoka Garissa kwenda Nairobi unavuka daraja la Mto Tana, na ng'ambo ni Madogo, Kaunti ya Tana River. Kwa miaka na mikaka watu wa Kaskazini Mashariki, wakifunga safari kuvuka hapo, wamekuwa wakisema "naenda Kenya". Mzee akirudi anaulizwa: Kenya kukoje? Watu wa Nairobi wakisikia hivyo wanakasirika, wanasema hawa watu hawana uzalendo. Wanadhani ni dharau. Lakini huo msemo haukutoka kwa hewa, na ili uuelewe lazima turudi nyuma kidogo. Usiende, hii sehemu ni fupi.

Wakati wa mkoloni, hii sehemu yote iliitwa NFD, na ilikuwa imefungwa. Huwezi kuingia wala kutoka bila ruhusa. Uhuru ulipokaribia, Wasomali wengi wa NFD walitaka kuungana na Somalia, nchi ambayo ilikuwa imezaliwa tarehe 1 Julai 1960. Uingereza ikatuma tume 1962, watu wakasema wanachotaka, halafu Machi 1963 Uingereza ikatangaza kwamba sehemu hiyo inabaki Kenya kama jimbo la saba. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza. Mei 1963 kura ya kuleta serikali ya ndani ilipopigwa, Wasomali wa NFD wengi waligoma. Kwa hivyo Madaraka ya kwanza kabisa, 1 Juni 1963, Nairobi wanacheza, Garissa na Wajir hakuna cha kusherehekea.

Jamhuri nayo? Uhuru ulikuja 12 Desemba 1963. Tarehe 28 Desemba, siku 16 tu baadaye, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Ndio vita vya Shifta. Somalia na Kenya zilikubaliana kupunguza joto 1967, lakini ile hali ya hatari yenyewe ilikaa mpaka 1991. Hesabu mwenyewe. Mtu aliyezaliwa Garissa mwaka wa uhuru alifikisha karibu miaka 28 bila kuishi chini ya sheria sawa na ya msee wa Nakuru.

Na hapa kuna kitu kinanipiga kila nikiwaza. Mashujaa Dei, zamani Kenyatta Dei, iko 20 Oktoba kwa sababu usiku huo wa 1952 mkoloni alitangaza hali ya hatari na kumkamata Kenyatta na wenzake. Yaani kwa kalenda ya taifa, hali ya hatari ni kitu ambacho mzungu alitufanyia na tukashinda. Kwa mzee wa Garissa, hali ya hatari ni kitu kilichokuja na bendera.

Ndani ya hiyo miaka ndiyo kuna Bulla Karatasi. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa kwa risasi mjini Garissa, wanajeshi na polisi walichoma mtaa wa Bulla Karatasi na kuwakusanya watu uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, siku kadhaa bila chakula wala maji. Halafu Februari 1984, Wajir: wanaume wa ukoo wa Degodia wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo, wakalazwa juani. Serikali kwa miaka ilisema waliokufa ni 57. Manusura wanasema ni maelfu. Kila Februari 10 Wajir inakumbuka, na hiyo ni siku ambayo haina likizo wala gwaride.

Lakini kabla ukasirike ukafunga hii ukurasa, sikia upande mwingine, kwa sababu stori ya huku haijawahi kuwa nyeusi na nyeupe. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali ya Moi, nani aliongoza kikosi kilichozima hiyo mapinduzi? Jenerali Mahmoud Mohamed. Msomali wa Kaskazini Mashariki. Baadaye akawa mkuu wa majeshi yote ya Kenya kuanzia 1986. Weka hizo tarehe pamoja: 1980 Bulla Karatasi, 1982 Msomali anaokoa serikali, 1984 Wagalla, 1986 Msomali mkuu wa majeshi. Kisha 1989 serikali hiyo hiyo inawaambia Wasomali wa Kenya wapigwe msasa wapewe kadi ya rangi ya waridi kuonyesha wao ni Wakenya kweli. Ukiwa na jibu rahisi la uzalendo hapo, tuma.

Tukiamua kuchagua watakatifu wa Kaskazini Mashariki, mimi niko na wawili, na hakuna aliyebeba bunduki.

Wa kwanza ni Annalena Tonelli. Mwitaliano, Mkatoliki, alikuja Kenya 1969 na akaishi Wajir akitibu wafugaji wenye kifua kikuu. Wakati wa Wagalla alikuwa miongoni mwa waliotoka kutafuta manusura na kuokota maiti, na habari zikafika nje. Akafukuzwa Kenya. Akaendelea na kazi hiyo hiyo upande wa Somalia, akapata tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa 2003, na Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi Borama. Mwanamke wa Kikristo, na ukitaja jina lake Wajir wazee Waislamu wanamwombea.

Wa pili ni mwalimu Salah Farah. Desemba 2015, basi la kwenda Mandera lilishambuliwa na Al-Shabaab karibu na El Wak. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, basi lingine huko Mandera lilisimamishwa, wasio Waislamu wakatengwa, 28 wakauawa. Safari hii walipoambiwa wajitenge, Waislamu wakakataa. Akina mama wakawapa Wakristo hijabu wajifunike. Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani ya OGW. Filamu ya Watu Wote, iliyoteuliwa kwa Oscar 2018, inatokana na kisa hicho. Uliza darasa lolote la Nairobi kuhusu Salah Farah uone ni wangapi watainua mkono.

Na hayo yote tunayasema Garissa, mji wa chuo kikuu ambapo watu 148 waliuawa tarehe 2 Aprili 2015. Ilikuwa Alhamisi. Alhamisi iliyotangulia, 26 Machi, Uhuru alikuwa amesimama Bungeni akaomba msamaha kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani, Wagalla ikiwa ndani, na kuahidi shilingi bilioni 10 za kuponya majeraha. Wiki moja tu. Nani tena alikuwa anazungumzia msamaha baada ya hapo?

Turudi kwa daraja. Uzalendo wa kijana wa huku umekaa sana kwa kitu kimoja kidogo: kitambulisho. Wewe wa Thika ukifika 18 unaenda, unapiga picha, unangoja. Kijana wa Garissa alikuwa anakaa mbele ya kamati ya wazee na maafisa, anaulizwa babu yake alizaliwa wapi, kisima gani, chifu gani. Kuna maelfu ya Wakenya ambao familia zao wakati wa ukame ziliandikisha watoto Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula, na walipokua kompyuta ikasema: wewe si Mkenya. Shirika la Haki na Sheria, ambalo liko hapo Garissa, limepigania hao watu kortini. Bila kitambulisho huna laini ya simu, huna M-Pesa yako, huna kazi, na kwa kizuizi cha barabarani unashushwa kwa basi wengine wakikuangalia. Huyo msee unamwambiaje asimame wima wimbo wa taifa ukipigwa?

Ndio maana Februari 2025 ilikuwa kubwa. Rais Ruto akiwa Wajir alitia saini agizo la kufuta huo msasa wa ziada. Watu walishangilia kuliko gwaride lolote. Wengine Nairobi wakasema ni mbinu ya kura, na labda wako na hoja, siasa ni siasa. Lakini mtu aliyengoja kitambulisho miaka sita hajali sana nia ya aliyempa.

Halafu ikaja ingine: Madaraka ya 2026 ikapewa Wajir. Sherehe hizi zilianza kuzungushwa nje ya Nairobi 2016, Nakuru wakiwa wa kwanza, na Kaskazini Mashariki ikakaa foleni muongo mzima. Kumbuka ile Mei ya 1963 waligoma kura. Kumbuka Wagalla iko kilomita chache tu kutoka mjini. Kuna mama huko bado anajua ni upande gani mumewe alipelekwa, na ni hapo hapo jeshi linapiga gwaride la heshima.

Vijana wenyewe ukiwasikia, hawako mbali na wewe. Bendera zilizouzwa barabarani Juni 2024 za maandamano ya Gen Z hazikuuliza kabila. Agosti 2025 Harambee Stars walipowapiga Morocco 1-0 Kasarani kwa CHAN, Isli ilipiga kelele kama Kayole. Mtu anaweza kupenda timu na bado amechoka kuulizwa kipande.

Kitu cha mwisho, na hiki wengi hawajui. Ile sauti ya wimbo wetu wa taifa, ile inayofanya hata msee mgumu ameze mate, ilitoka kwa wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo. Na Wapokomo wako wapi? Mto Tana. Huo huo unapita chini ya lile daraja.

Basi kama utakuwa Garissa siku ya sherehe, fika uwanjani mapema kabla jua halijakolea, beba maji, na usiondoke kabla ya dhaanto. Jioni tafuta nyirinyiri na chai ya maziwa ya ngamia. Na ukipanda basi kurudi Nairobi, weka kitambulisho mahali karibu. Utahitajika kukitoa.