Kurudi kwa Maana Tatu: Mwalimu wa Kiswahili Anapofunga Virago Ughaibuni

Kitenzi *rudi* kina maana kadhaa katika lugha yetu. Ile ya kwanza, ambayo kila mtu anaijua, ni kwenda tena mahali ulikotoka. Ya pili ni kupungua kimo, kama nguo inavyorudi baada ya kufuliwa. Ya tatu ni kuadabisha, kama mzazi anavyomrudi mwanawe. Makala hii inanuia kueleza kwa nini mwalimu wa Kiswahili anayejiandaa kurejea nyumbani baada ya kufundisha ng'ambo huzionja maana hizi zote kwa pamoja, tena kabla hata hajapanda ndege. Mifano yetu tutaielekeza Bungoma na Kitale, miji miwili iliyo mbali na pwani lakini ambayo mchango wake katika Kiswahili haukanushiki.

Tuanze na utaratibu wenyewe, maana wengi hawaujui. Mojawapo ya njia ambazo walimu chipukizi wa Kenya huzifuata ni programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni katika vyuo vya Marekani. Fulbright ilianzishwa kwa sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1946. Msaidizi hukaa huko mwaka mmoja wa masomo, yaani takriban miezi 9, akifundisha lugha yake huku naye akisoma kozi chache. Viza anayopewa ni ya aina ya J-1, nayo ina sharti: akimaliza, sharti akae nchini mwake jumla ya miaka 2 kabla ya kuruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu au viza za ajira za aina ya H na L. Kwa hiyo tarehe ya kurudi huwa imeandikwa tangu siku ya kuondoka.

Nyumbani, hata hivyo, sharti hilo halifahamiki. Aliyesindikizwa kwa maombi na michango ya jamaa hutazamiwa akae, "ajipange", kisha awavute wengine. Akirejea baada ya miezi 9 akiwa na masanduku mawili, swali la kwanza baada ya *mulembe* huwa: "Mbona umerudi?" Kitenzi hapo tayari kimeelemea maana ya pili. Muulizaji anataka kujua ni kitu gani kilichompunguza kimo. Mwalimu hulijua swali hilo mapema, na ndilo linalomkosesha usingizi katika majuma ya mwisho. Yule anayetamani kumwona mamaye ndiye huyo huyo anayeuogopa ua wa mamaye uliojaa majirani.

Jambo la pili ni darasa. Huko ughaibuni darasa la Kiswahili mara nyingi huwa la watu wachache, pengine kumi au kumi na watano, na kila mmoja ana swali. Kwa nini *kiboko* kina kiambishi cha ngeli ya ki-vi lakini tunasema *kiboko amelala*? Kwa nini saa moja ya Waswahili ni saa saba ya Waingereza? Mwalimu aliyelelewa Chwele au Kiminini hakuwahi kuulizwa mambo hayo, kwa kuwa aliyakuta yakisemwa. Sasa hulazimika kuyaeleza: kwamba upatanisho wa kisarufi hufuata uhai wa nomino pale unapopingana na umbo lake, na kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapotua. Kwa kulifundisha jambo alilolizoea, hulijua upya. Nadhani hii ndiyo faida kubwa kuliko zote za safari yenyewe, na ndiyo isiyopimika kwa kilo 23 ambazo mashirika mengi ya ndege huruhusu kwa kila sanduku. (Vitabu, ole wake msafiri, ni vizito kuliko zawadi.)

Kisha hufikiria anakorudi. Katika shule nyingi za upili darasa lake litakuwa na wanafunzi hamsini au zaidi, nao wa mfumo wa 8-4-4 wamekuwa wakiandaliwa kwa karatasi tatu za mtihani: insha, lugha, na fasihi. Swali la darasa hilo ni moja: "Mwalimu, hili hutahiniwa?" Si swali baya. Lakini aliyezoea kuulizwa *kwa nini* husikia pengo.

Lipo pia suala la matamshi, ambalo wanaisimu hawana budi kulitazama kwa makini. Katika Kibukusu vipasuo ghuna hutokea hasa vinapotanguliwa na nazali; ndiyo sababu msemaji wake aweza kutamka *kari* akikusudia *gari*. Nchini Kenya tofauti hiyo imekuwa chambo cha kila mchekeshaji. Mwalimu kutoka Bungoma anapofundisha mbele ya wageni, kwa mara ya kwanza hakuna anayemcheka: yeye ndiye Mswahili wa pekee chumbani, na matamshi yake ndiyo kipimo. Kurejea ni kuondoka katika nafasi hiyo na kuwa tena mtu wa bara anayerekebishwa, au, kwa maana yetu ya tatu, anayerudiwa. Ni unyonge ambao hautajwi katika barua za kuombea nafasi, lakini upo.

Mtu aliyeupa mgogoro huu sura ya hadharani ni marehemu Ken Walibora. Alizaliwa eneo la Bungoma mwaka 1965, akakulia Cherangany, upande wa Kitale. Riwaya yake *Siku Njema* ilitoka mwaka 1996, na mhusika mkuu wake, Kongowea Mswahili, anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta babaye. Hadithi yake ya watoto ikaitwa *Ndoto ya Amerika*. Mwandishi mwenyewe baadaye alikwenda Marekani, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. Kisha akarudi Kenya. Alisimamia ubora wa Kiswahili katika shirika la habari la Nation Media Group, halafu akafundisha Chuo Kikuu cha Riara, hadi alipofariki Nairobi mwezi Aprili 2020.

Wapo wanaoona kwamba aliacha kiti cha enzi akaja kukalia kigoda. Sikubaliani nao. Wasomaji wake wengi walikuwa hapa. *Kidagaa Kimemwozea* ya mwaka 2012 ilisomwa na maelfu ya wanafunzi wa shule za upili walioiandikia insha, wakaibishania, wakawapachika walimu wao majina ya wahusika. Tena humo humo yumo Madhubuti, kijana anayerejea kutoka masomoni Urusi na kuikataa kazi aliyotafutiwa na babaye kwa njia ya mkato. Walibora hakumfanya Madhubuti apokewe kwa shangwe zisizo na doa. Alimrudisha katika nyumba yenye uozo, akamwachia aamue.

Mwalimu anayefunga virago leo ana jambo moja ambalo Madhubuti hakuwa nalo: taasisi ya kumpokea iliyo karibu na kwao. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati mwaka 2015, kiko Bungoma kwenyewe. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vingefaa kumwalika kila anayerudi azungumze katika muhula wa kwanza baada ya kufika, kabla maswali ya wanafunzi wake wa kigeni hayajamtoka akilini. Aje na daftari lake la maandalio ya somo, na aulizwe kuhusu kiboko.