Moto ndani ya chungu: Joto la uani lisigeuke sumu ya chumbani

JE, msomaji mpendwa, umewahi kulala Timau mwezi wa Julai? Kama bado, basi muulize mwenzako wa shuleni au kazini anayetoka huko Meru, naye atakueleza jinsi baridi ya Mlima Kenya inavyopenya kwenye mifupa. Mlima huo, wenye urefu wa mita 5,199, huvuta mawingu na ukungu kuanzia Juni hadi Agosti. Miji iliyo ubavuni mwake, kuanzia Meru, Nkubu na Chuka hadi Runyenjes na Embu, huweza kukaa siku nzima bila kuliona jua.

Ni katika miezi iyo hiyo ambapo familia nyingi za mjini hufunga safari kwenda kuwaona babu na nyanya. Likizo ya Agosti imefika, watoto wamejaa garini, na kila mmoja ana sweta moja tu aliyodhani itamtosha. Usiku wa kwanza unapoingia, meno yanaanza kugongana. Ndipo mtu mmoja mwenye nia njema anapotoa shauri: "Tuleteni jiko ndani."

Naam, hapo ndipo penye taabu. Karibu kila msimu wa baridi, magazeti ya nchi hii hubeba habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke. Mara ni mume na mke, mara ni mama na wanawe, mara ni wanafunzi waliopanga chumba kimoja. Si kwamba watu hawa walikuwa wazembe. Walikuwa wakitafuta joto, jambo ambalo kila mwanadamu analo haki nalo.

Swali basi ni hili: familia itaotaje moto bila kuhatarisha maisha? Jawabu moja linapatikana kwa watu wa mbali wanaoijua baridi ya milimani kama wanavyoijua Wameru na Waembu.

Chungu chenye tumbo na shingo

Hebu tuvuke bahari hadi Mexico. Wengi hudhani kuwa hiyo ni nchi ya jua kali na jangwa tupu, lakini mji wake mkuu umejengwa mahali palipo mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, juu zaidi kuliko mji wa Meru. Mchana jua huwaka, usiku baridi hushuka. Ufinyanzi nao ulikuwako huko maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kutia nanga mwaka wa 1519.

Kutokana na ufinyanzi huo, wenyeji walipata chombo kinachoitwa chimenea, neno la Kihispania lenye maana ya dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Kifikirie kama chungu kikubwa chenye tumbo la mviringo. Ubavuni kina mdomo mpana wa kutilia kuni, na juu kina shingo ndefu iliyo wazi. Chungu hicho huwekwa juu ya kigoda cha chuma chenye miguu mitatu, na watu huketi mbele ya mdomo wake wakiota moto.

Ujanja wake ni mwepisi kuuelewa, hata kwa mwanafunzi wa darasa la sita. Hewa yenye joto ni nyepesi, kwa hivyo hupanda. Moto unapowaka tumboni, hewa ya moto hupanda shingoni ikiubeba moshi, na nafasi iliyoachwa hujazwa na hewa safi inayoingia kwa mdomo. Kadiri moto unavyowaka vizuri, ndivyo unavyoivuta hewa wenyewe. Moshi huenda juu ya vichwa vya walioketi, nao udongo hunywa joto na kulitoa polepole hata baada ya ndimi za moto kupungua.

Zamani chombo hiki kilikuwa cha kupasha joto na kuoka mikate. Katika miaka ya 1990 watu wa Marekani na Uingereza walikipenda, wakaanza kukinunua kwa wingi na kukiweka bustanini ili wakae nje jioni bila kutetemeka.

Riko la nyanya

Usidhani, msomaji, kwamba watu wa Meru na Embu walingoja Mexico iwafunze habari za moto. Riko, yaani mekoni, palikuwa kitovu cha nyumba. Mawe matatu yalipangwa katikati, chungu kikainjikwa juu yake, na githeri ikachemka kwa saa nyingi huku watoto wakitegewa vitendawili. Wahenga walinena kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Aliyelala bila kupitia riko alikosa chakula, na alikosa pia mafunzo ya siku hiyo.

Hata vyungu vyenyewe havikutoka mbali. Ukiteremka kutoka Embu mjini kuelekea nyanda kame za Mbeere, upande wa Siakago na Ishiara, unaingia nchi ambayo akina mama wake wamefinyanga tangu jadi. Mfinyanzi huchagua udongo, huuponda, huuchanganya na mchanga, huufinyanga kwa mkono na kuuacha ukauke kivulini kabla ya kuuchoma kwa moto wa kuni. Mchanga huo haukutiwa bure. Ndio unaokiwezesha chungu kustahimili moto na kutanuka bila kupasuka.

Kwa nini basi mababu hao hawakuuawa na moto waliolala nao? Itazame nyumba yao. Ilikuwa ya mviringo, imeezekwa kwa nyasi, na hewa ilipita kati ya ukuta na paa. Moshi ulijipenyeza kwenye nyasi ukatoka, na njiani ukawafukuza wadudu walao paa. Nyumba yenyewe ilikuwa ikipumua.

Hata hivyo, tusiisifu kupita kiasi. Moshi ule uliwachoma akina mama macho na kuwaharibu mapafu, na ungali ukifanya hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na moshi wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Nchini Kenya, hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya familia zote zilipikia kuni.

Nyumba ilibadilika, moto haukubadilika

Leo hii nyumba ya nyasi imebaki kuwa kitu cha kutazamwa na wageni. Tumejenga kwa mawe na matofali, tukaezeka mabati, tukatia dari na madirisha ya vioo. Baridi ikizidi, tunaziba hata ule ufa wa chini ya mlango kwa gunia.

Jiko nalo limekuwa bora. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilibuniwa hapa nchini lile jiko la makaa tunalolijua sote, lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na kikombe cha udongo kwa ndani. Wazo lake lilitoka kwa majiko ya Thailand, na mafundi wa jua kali wakalifanya kuwa letu. Udongo ule hulizuia joto lisipotee, hivyo makaa machache hupika chakula kingi. Ni chombo cha kusifiwa, lakini kina upungufu mmoja mkubwa usiku wa baridi: hakina shingo. Chochote kinachotoka kwenye makaa hubaki chumbani na wewe.

Na kitokacho ni nini? Ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukiivuta, hujishikiza kwenye damu kwa nguvu zinazopita zile za oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa ilhali unapumua. Kwanza kichwa huuma. Kisha hufuata kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Aliye macho huenda akadhani ni mafua au uchovu wa safari. Aliyelala hapati hata nafasi ya kudhani.

Wazee wetu walisema kwamba panapofuka moshi pana moto. Tatizo la makaa ni kwamba yakishawaka vizuri hayafuki moshi, na mtu akiona hakuna moshi hudhani hakuna hatari. Hata yale yanayoonekana kuzimika chini ya majivu yangali yakiitoa sumu hiyo.

Enyi wanafunzi mliopanga vyumba vidogo karibu na Chuo Kikuu cha Embu, au kule Nchiru kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, haya yanawahusu zaidi. Chumba kimoja chenye dirisha dogo hujaa sumu upesi. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemewa.

Urejeshe moto uani

Shauri letu, basi, ni kuurudisha moto uani na kuiita familia iufuate huko. Ukipenda chungu cha mtindo wa Mexico, mfinyanzi stadi anaweza kukuelewa ukimchorea umbo lake: tumbo, mdomo na shingo. Mwambie mapema kuwa ni cha kuwashwa moto ndani wala si cha maji, ili achanganye mchanga ipasavyo na kufanya kuta ziwe nene. Ukishakipata, zingatia mambo yafuatayo.

Mosi, kiweke juu ya mawe au sakafu ya simiti, mbali na ukuta, ua wa miti, nguo zilizoanikwa na chochote kilichoezekwa kwa nyasi au makuti. Hatua nne au tano kutoka nyumbani si nyingi. Usikiweke kwenye veranda iliyozibwa pande zote, kwani hiyo ni sawa na chumba.

Pili, tia mchanga au kokoto tumboni hadi karibu na usawa wa mdomo, kisha washa moto juu yake. Moto ukigusa udongo mtupu, kitako hupasuka.

Tatu, kianzishe taratibu. Chungu kilichochomwa kwa moto wa kuni kina vinyweleo vinavyofyonza maji. Ukikitia moto mkali siku ya kwanza, maji hayo hugeuka mvuke na kukipasua. Washa vijiti vichache tu, uache chungu kipoe chenyewe, na urudie hivyo mara nne au tano kabla ya kukoka moto wa haja.

Nne, usikimwagie maji kikiwa na moto. Uache uzimike, au uufunike kwa mchanga mkavu. Mvua za Machi na Oktoba zikikaribia, kifunike au kiingize ghalani kikiwa kimepoa kabisa.

Tano, tumia kuni kavu, na kidogo kidogo. Wakulima wa Meru na Embu hupogoa kahawa na miti ya grevilea, na matawi hayo hufaa sana. Wenye makadamia wana maganda yanayowaka vizuri. Kamwe usichome plastiki, vipande vya gurudumu wala mbao zilizopakwa rangi, kwa kuwa moshi wake ni sumu nyingine.

Sita, mtoto asiachwe peke yake na moto. Udongo hauonyeshi wekundu kama chuma, lakini huunguza vilevile.

Na kama huna uwezo wa chungu kama hicho, usivunjike moyo. Mawe matatu uani, au lile jiko lako la kawaida likiwekwa nje, yatawapa joto na mahindi ya kuchoma. Wala usiulaumu mfuko wako, kwani mfinyanzi mwenyewe hulia gaeni.

Wakati wa kulala

Jioni moja ya uani ina faida nyingine ambayo haipimwi kwa kipimajoto. Watoto wa mjini wanaokesha mbele ya runinga na simu watamsikia nyanya akisimulia. Viazi vitamu vitaiva majivuni, chai ya tangawizi itapita, na majina ya ukoo yatatajwa na kukumbukwa.

Lakini saa ya kulala ikifika, agizo ni moja: moto haumfuati mtu ndani. Kabla ya kulala, mwenye nyumba ahakikishe jiko liko nje, hata kama makaa yamebaki mawili. Ukiamka usiku na kichwa kinakuuma, au ukimkuta mwenzako amelegea katika chumba chenye jiko, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi na umkimbize hospitalini bila kungoja asubuhi.

Kwa hivyo, msomaji, unapopanga safari yako ya Agosti kwenda Maua, Kianjokoma au Timau, pakia soksi nzito, sweta mbili, na blanketi moja zaidi kwa kila mtoto. Blanketi la pili halijamuua mtu.