Kiti cha Temeke ni cha nani?

Juma lililopita mzee mmoja mkazi wa Tandika alinisimamisha kituoni akanitupia swali: "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio. Sisi hapa Temeke tukipiga kura, tunamchagua mtu au tunachagua chama?" Nilimjibu juu juu, maana daladala ilikuwa inaondoka. Leo nataka kumjibu vizuri.

Swali lake si la mchezo. Tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992, kiti cha ubunge cha Temeke kimebaki wazi kabla ya wakati wake mara tatu: 1996, 1999 na 2018.

Mwaka 1995 uchaguzi wa Dar es Salaam ulivurugika. Vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa kabisa, na Tume ikaufuta uchaguzi wa jiji zima. Ukarudiwa Novemba 19. CCM ilichukua Temeke, lakini mwaka uliofuata mbunge wake akajiuzulu. Hapo ndipo akaingia Augustine Lyatonga Mrema wa NCCR-Mageuzi, aliyekuwa ameshika nafasi ya pili katika kura za urais kwa karibu asilimia 28. Nilikuwa kijana wa sekondari wakati huo. Huko Keko na Chang'ombe watu hawakuzungumza habari za ilani wala sera, walizungumza Mrema tu. Oktoba 1996 alimshinda Abdul Cisco Mtiro wa CCM.

Je, Temeke walikuwa wamechagua NCCR? Mimi nasema hapana, walimchagua Mrema. Lakini sheria haikuwa na maoni kama yangu. NCCR ilipopasuka kwa ugomvi wa kambi yake na ile ya Mabere Marando, Mrema alihamia TLP mwaka 1999. Siku hiyo hiyo ubunge wake ukafikia kikomo. Baadaye kiti kikarudi CCM.

Sababu iko ndani ya Katiba. Mtu hawezi kugombea ubunge bila kuwa mwanachama wa chama na kupendekezwa na chama hicho. Akiisha kuchaguliwa, akiacha uanachama au akifukuzwa, ubunge nao unakwisha. Kwa hiyo kikao cha chama kinaweza kumwondoa mbunge ambaye maelfu walipanga foleni kumchagua, na wenyewe wasiulizwe neno.

Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani kwa miaka mingi, akitaka raia aruhusiwe kugombea bila chama. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia, Bunge likabadili Katiba kuziba mlango. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la Bunge kuamua. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo Arusha, ikamuunga mkono. Mtikila alifariki mwaka 2015 pasipo kumwona mgombea binafsi katika karatasi ya kura.

Mwaka huo huo wa 2015 Mbagala ilikuwa imemegwa kuwa jimbo lake, na Temeke iliyobaki ikampa ubunge Abdallah Mtolea wa CUF. Novemba 2018, CUF ikiwa katika mgogoro wake mkubwa, Mtolea alitangaza Bungeni kwamba anajiuzulu, akajiunga na CCM. Chama chake kipya kikamsimamisha kugombea kiti kile kile, naye akatangazwa kupita bila kupingwa.

Mara hii basi mtu alibaki yule yule, kilichobadilika ni chama. Na mzee wangu wa Tandika, kama mwaka 2015 aliipigia CUF, hakupata hata karatasi ya kura ya kusema kama anakubali au hakubali.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu ni hili: kituoni unaweka alama kwa mtu, lakini sheria inahesabu kwamba umekipa kiti chama. Nikikuona tena pale Tandika nitakueleza na habari za viti maalum, ambazo ni ndefu zaidi.