Kipimo cha kubashiri uchungu wa mapema

Mja mzito wa Likoni akishikwa na uchungu kabla ya wiki 37, wahudumu hukabiliwa na swali gumu: avushwe kwa feri hadi hospitali kuu ya rufaa ya Pwani kisiwani, au aangaliwe papo hapo? Wa Kisauni na Changamwe angalau wana barabara.

Wengi wa wanawake hao hawajifungui karibuni; uchungu hutulia wenyewe. Kazi ni kumtambua ambaye hautamtulia.

Hapo ndipo ultrasaundi hufaa. Kifaa chembamba huingizwa ukeni kupima urefu wa mlango wa kizazi; picha ya kupitia tumboni haiaminiki sana kwa jambo hili. Ukizidi milimita 30, uwezekano wa kujifungua katika siku 7 ni mdogo. Ukipungua 15, hatari ni kubwa.

Siku hizo zina thamani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO), uliohusisha Kenya na kuchapishwa 2020, ulionyesha kuwa sindano za deksamethasoni, zinazokomaza mapafu ya kijusi, hupunguza vifo vya watoto wachanga. Lakini faida hupungua mtoto asipozaliwa ndani ya wiki moja.

Chupa ikipasuka au damu ikitoka, mama akimbizwe hospitali bila kungoja kipimo.